Ukianza komyuniti koleji Marekani: jinsi ya kujilinda wewe, laptopu yako na gari lako

Mi laptopu yangu ilibebwa laibrari. Nilinyanyuka kwenda kuprinti kurasa mbili tu, narudi nakuta chaja inaning'inia ukutani peke yake. Namuuliza dada aliyekaa meza ya jirani, ananiambia alimuona jamaa anaichukua ila alijua ni rafiki yangu. Na kweli angejuaje? Tulikuwa tunakaa laibrari moja miezi miwili na hatujawahi hata kusalimiana.

Komyuniti koleji, vile vyuo vya umma vya kozi za miaka miwili hivi, ndo zilivyo. Nyingi hazina mabweni, watu wanatoka kazini wanakuja darasani alafu wanakimbilia gari, na kwakuwa ni chuo cha umma milango iko wazi mchana kutwa, mwizi akivaa begi mgongoni tayari ameshakuwa mwanafunzi. Kwahiyo wadogo zangu mnaoanza semista hii, mengi nitakayoandika hapa ni ya kufanya wiki ya kwanza kabla hamna kilichotokea, maana siku ya tukio akili inaganda na hamna mtu karibu anayekujua jina.

Hatua ya 1: jua nani analinda chuo chako

Usidhani kila mwenye yunifomu ni polisi. Kuna koleji zina polisi wao kabisa, wameapishwa, wana silaha na mamlaka ya kukamata. Kuna zingine zina sekyuriti tu ambao kukitokea jambo zito na wao wanaita polisi wa mji. Zingine zimeingia mkataba na ofisi ya sherifu, yani polisi wa kaunti. Nenda ofisini kwao wiki ya kwanza uulize nyie ni akina nani, mnakuwepo mpaka saa ngapi usiku, wikiendi je, kampasi ile ndogo ya upande wa pili wa mji mnaifikia? Unaweza kugundua ofisi inafungwa saa nne usiku na darasa lako linatoka saa nne kasoro kumi.

Hapo hapo seivu namba yao kwenye simu, ile ya kawaida na ile ya dharura. Alafu elewa tofauti: kama mtu anaumizwa sasa hivi, kuna moto, kuna silaha, unapiga 911, namba ya dharura ya nchi nzima, usianze kutafuta namba ya sekyuriti. Na ukipiga 911 anza na ulipo kabla ya kueleza kilichotokea, jina la chuo, jina la jengo, ghorofa, namba ya chumba, maana simu ikikatika wanajua pa kuja. Simu ya mkononi inawapa eneo la kukadiria tu, haiwaambii kwa uhakika uko ghorofa ya tatu. Kwahiyo zoea kusoma jina la jengo unapoingia, mi nilisoma mwaka mzima kwenye jengo ninaloliita "lile la matofali".

Kiingereza kikikukimbia kwa hofu sema tu neno "Swahili", vituo vingi vya 911 vina wakalimani wa kwenye simu. Meseji kwenda 911 zinafanya kazi sehemu nyingi ila sio zote, ukituma sehemu isiyo na huduma hiyo unarudishiwa meseji ya kukwambia upige. Na kama umepiga kwa bahati mbaya usikate, baki uwaambie umekosea, ukikata watakupigia wao au watatuma mtu.

Hatua ya 2: soma rekodi za chuo, ila zisome kwa akili

Hii wengi hawaijui. Mwaka 1986 mwanafunzi wa miaka 19 anaitwa Jeanne Clery aliuawa chumbani kwake bwenini, Lehigh University kule Pennsylvania, na aliyemuua alikuwa mwanafunzi mwenzake aliyepita kwenye milango ambayo watu walikuwa wameiegesha isijifunge. Wazazi wake wakapambana mpaka mwaka 1990 ikapitishwa sheria inayobeba jina lake, na inakihusu kila chuo kinachopokea hela za msaada wa wanafunzi kutoka serikali kuu, komyuniti koleji zikiwemo.

Kwa sheria hiyo, kila mwaka ikifika tarehe 1 Oktoba chuo lazima kiwe kimetoa ripoti ya usalama yenye takwimu za uhalifu za miaka mitatu iliyopita. Huna haja ya kuomba kwa mtu, ingia kwenye tovuti ya chuo tafuta neno "Clery" itatokea.

Sasa akili inapotakiwa ni hapa. Ile ripoti inahesabu makosa ya aina fulani tu: mauaji, ubakaji, unyang'anyi, kuvunja na kuingia, wizi wa gari zima na mengine ya namna hiyo. Wizi wa kawaida haumo, labda uwe umefanywa kwa chuki dhidi ya rangi, dini na vitu kama hivyo. Yani laptopu iliyobebwa mezani haimo. Begi lililotolewa ndani ya gari lako haimo. Kwahiyo utaona sifuri sifuri sifuri ukafurahi, kumbe laibrari inaibiwa kila wiki.

Kinachokuonesha ukweli ni daftari la matukio la kila siku. Chuo chenye polisi au sekyuriti wake kinatakiwa kuandika humo kila uhalifu ulioripotiwa, mdogo na mkubwa, ndani ya siku mbili za kazi, na matukio ya siku 60 za karibuni mtu yeyote akienda saa za kazi anaruhusiwa kuyaona, hata kama sio mwanafunzi. Chuo kikiliweka mtandaoni ndo raha zaidi. Tumia dakika kumi tu ulisome na utajua paking ipi magari yanafunguliwa, siku gani, saa ngapi, jengo gani baiskeli zinaondoka. Baada ya kusoma la kwetu ndo nikaja kugundua meza niliyokuwa naipenda, ile karibu na mlango wa kutokea nyuma, ilikuwa imeshapoteza vitu kabla yangu.

Hatua ya 3: hakikisha tahadhari zinakufikia

Chuo kina mfumo wa kutuma tahadhari. Vyuo vingi vinakuweka kwa imeili ya chuo moja kwa moja, ile ambayo hufungui, namba ya simu unatakiwa kuiongeza mwenyewe. Ingia uiongeze leo. Ukibadilisha laini, badilisha na kule. Hamna la zaidi hapa.

Hatua ya 4: paking na kituo cha basi

Kwa chuo ambacho watu wote wanakuja na kuondoka, paking ndo sebule. Hapo ndo nataka mkae kidogo.

Kwanza vitu. Begi, chaja, miwani, hata koti lililofunika kitu kisichoonekana, vyote vinamwita mwizi avunje kioo aangalie. Weka kwenye buti, ila weka kabla hujafika chuoni! Watu wanafika paking, wanashuka, wanafungua buti mchana kweupe wanaweka laptopu, wanafunga, wanaondoka zao, na jamaa aliyekaa gari la pili ameangalia filamu yote. Pakia nyumbani.

Pili gari lenyewe. Usiliache linaunguruma ili lipate joto wakati umekimbilia kuchukua kahawa, baridi ya huku inatushawishi sana wenye magari ya zamani, na majimbo kadhaa hata sheria inakataza. Kama una Kia au Hyundai ya miaka ya 2011 mpaka 2021 inayowashwa kwa kuzungusha ufunguo, mengi ya hayo yalitoka bila kile kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake halisi, na kuanzia 2021, 2022 vijana walikuwa wanafundishana mtandaoni jinsi ya kuyaiba. Kampuni zilitoa maboresho ya programu bure, nenda kwa diila waulize kama la kwako limefanyiwa, na bado ununue ile kufuli ya usukani, mwizi akiiona atasogea gari linalofuata. Wenye Prius na magari ya juu, angalieni katalitiki, kile kidude cha chini kwenye bomba la moshi. Ndani kina platinamu, paladiamu na rodiamu ndo maana kinakatwa kwa msumeno ndani ya dakika chache. Paki sehemu yenye taa na watu wanapita, sio kona ya mbali kisa kuna kivuli.

Tatu wewe mwenyewe ukitoka darasa la usiku. Vyuo vingi vina huduma ya kusindikizwa, unapiga ile namba ya sekyuriti unawaambia uko jengo fulani unataka mtu akusindikize mpaka kwenye gari, bure. Watu wanaona aibu kupiga. Aibu ya nini, ndo kazi yao, na usiku mwingi wamekaa tu wanaangalia kamera. Ila njia ninayoipenda zaidi haihitaji kupiga simu: siku ya kwanza ya darasa la usiku, uliza kwa sauti nani amepaki loti hiyo hiyo, mkitoka mnaongozana. Mtaanza wawili, mtakuwa watano. Na hapo hapo umeshapata watu watakaojua siku hukuja, na watakaojua kwamba anayebeba laptopu yako sio rafiki yako.

Toa ufunguo ukiwa bado ndani ya jengo. Earphone moja toa sikioni, tena zote mbili kama unaweza. Zile nguzo zenye taa ya buluu ukibonyeza kitufe zinakuunganisha na walinzi, ila vyuo vingine vimezing'oa au vimehamia kwenye apu ya simu, kwahiyo pita mchana uone zipo wapi na kama zinawaka.

Wa basi, jueni basi la mwisho ni saa ngapi na usisubirie kituoni nusu saa kwenye giza, subiri ndani ya jengo, angalia basi lilipo kwenye simu, toka likiwa limebaki dakika mbili. Na darasa likiwa linaisha baada ya basi la mwisho mwambie mwalimu mapema utatoka kabla, wengi wanaelewa kuliko unavyofikiri.

Baiskeli: kufuli la chuma lenye umbo la U, lishike fremu pamoja na tairi la nyuma kwenye chuma kilichochimbiwa chini. Waya ule mwembamba unakatwa kwa mkasi wa kukatia chuma, ni mapambo tu.

Hatua ya 5: mezani

Ukinyanyuka, beba. Hata kwenda chooni, hata kuprinti, najua ni usumbufu na najua utaikosa meza yako. Kama lazima uache, mwambie mtu kwa jina, "naomba uniangalizie, mtu akigusa sio wangu", maneno hayo ya mwisho ndo yaliyokosekana kwangu.

Leo hii geuza laptopu, piga picha namba ya kiwanda (serial number) iliyoandikwa chini. Kwenye simu bonyeza *#06# itatokea IMEI, namba ya kuitambulisha simu yako, piga picha na yenyewe. Zitume kwenye imeili yako, usiziache kwenye simu ile ile itakayoibiwa. Washa huduma ya kutafuta kifaa. Bila hizo namba polisi wakikamata laptopu hamsini huna jinsi ya kuthibitisha ipi ni yako.

Hatua ya 6: wezi wasiokuja chuoni kabisa

Hawa kwa maoni yangu wanatuumiza sisi wageni kuliko wa paking.

Kazi feki. Inakuja kwenye imeili ya chuo, saa zingine imetumwa kutoka akaunti ya mwanafunzi mwenzio iliyodukuliwa, so inaonekana halali kabisa. Kazi rahisi, nyumbani, dola 400 kwa wiki. Wanakutumia cheki ya dola 2,000, weka benki, chukua 400 zako, zilizobaki mtumie "msambazaji wa vifaa". Unaweka, benki inaonesha hela ipo, unatuma. Baada ya siku kadhaa cheki inarudi ni feki, na benki inakudai zote 2,000 maana hapa benki inakuachia hela kabla cheki haijathibitika kule ilikotoka. Mtu yeyote anayekupa cheki alafu anataka urudishe sehemu yake ni tapeli, haina mjadala.

Simu ya "uhamiaji" au "kodi". Anakwambia una kesi, polisi wanakuja, lipa sasa hivi kwa gifti kadi au kripto. Hamna ofisi ya serikali Marekani inayolipwa kwa gifti kadi, na watu wa kodi, IRS, kwa kawaida wanaanza na barua ya posta. Namba inayotokea kwenye skrini inaweza kughushiwa ikaonekana ya polisi wa mji wako kabisa. Kata. Kama uko kwenye viza ya mwanafunzi, F-1, nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa uwaulize, hao ndo wanaoiona rekodi yako. Na usibishane na hao matapeli kwenye simu kuonesha umewashtukia, unawapa muda tu.

Wanafunzi hewa. Hii ni ya komyuniti koleji hasa, California imesumbuka nayo sana: matapeli wanachukua jina na soshal ya mtu (namba yake ya Social Security), wanamwandikisha madarasa ya mtandaoni, wanaomba msaada wa serikali, hela ikitoka wanapotea, na deni au rekodi inabaki kwa mwenye jina. Ingia studentaid.gov uangalie kama kuna mkopo usioujua. Gandisha kredit yako ili mtu asikope kwa jina lako, kwenye kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu, tangu 2018 ni bure nchi nzima na unaweza kuifungua siku ukihitaji. Soshal kadi yenyewe ikae nyumbani, sio kwenye pochi.

Hatua ya 7: mtu anayekufatilia

Kuna mtu unamkuta nje ya kila darasa, anatuma meseji arobaini kwa siku, anajua ulikopaki. Au ni mpenzi wa zamani. Watu wengi wanafuta meseji kwa hasira, usifute. Piga skrinshoti, andika tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo. Tukio moja moja linaonekana dogo, yakipangwa kumi kwenye karatasi ndo yanaonekana ni nini.

Tangu mabadiliko ya mwaka 2013 kunyemelewa na ukatili wa wapenzi vimo kwenye ile sheria ya Clery, na chuo kinatakiwa kukupa kwa maandishi haki zako na machaguo yako, ikiwemo kubadilishiwa darasa au mpangilio wa usafiri pale inapowezekana, hata kama hutaki kwenda polisi. Ila jua unaongea na nani. Sehemu nyingi mwalimu ukimwambia analazimika kupeleka taarifa ofisi ya Title IX, ile inayoshughulikia ubaguzi na unyanyasaji wa kijinsia. Mshauri nasaha wa chuo kwa kawaida anatunza siri. Kama hujaamua bado, anza na mshauri.

Na kwa wenye hofu ya makaratasi: kuna viza inaitwa U, ilianzishwa mwaka 2000 kwa waathirika wa baadhi ya makosa mazito wanaosaidia uchunguzi. Foleni yake ni ndefu mno na sio kila kosa linaingia, kwahiyo ongea na wakili wa uhamiaji, sio na mjuaji wa kwenye grupu la WhatsApp.

Hatua ya 8: risasi

Sipendi kuandika hii ila siwezi kuiruka. Tarehe 1 Oktoba 2015 mwanafunzi alifyatua risasi Umpqua Community College kule Oregon, wakafa watu tisa mbali na yeye mwenyewe. Ni tukio la nadra, usiende darasani unatetemeka, ila maelekezo wanayofundisha ni matatu kwa mpangilio: kimbia, ukishindwa jifiche, ukishindwa kabisa pambana.

Kinachosaidia ni kujiandaa kidogo. Ukiingia darasa jipya angalia mlango wa pili uko wapi na kama mlango mkuu unajifunga kwa ndani. Ukikimbia acha begi. Ukijificha zima taa, zima sauti ya simu pamoja na mtetemo, sogeza meza mlangoni, kaa mbali na kioo. Polisi wakiingia mikono juu na wazi, usishike simu, usimkimbilie ofisa kumkumbatia, hawajui nani ni nani. Wanaweza kukuruka ukiwa unatoka damu, wanamtafuta mwenye silaha kwanza, wa matibabu wanakuja nyuma yao.

Ikishatokea

Umeibiwa. Pumua. Simu ikiwa ndo imeenda, azima ya mtu, funga kifaa kwa mbali na ubadilishe pasiwedi ya imeili kwanza kabla ya kitu chochote, maana mwenye imeili yako ana uwezo wa kubadili pasiwedi zingine zote. Alafu benki. Alafu ripoti sekyuriti au polisi wa chuo hata kama unaona hawatafanya kitu, omba namba ya kesi, bima na benki wataitaka. Kama una bima ya mpangaji soma karatasi zake, nyingi zinalipia kitu kilichoibiwa nje ya nyumba ila angalia kiasi unachotakiwa kuanza kutoa mwenyewe, kikiwa dola 500 na laptopu ni ya 400 haina maana. Utambulisho ukiibiwa nenda IdentityTheft.gov, inakupa mpango hatua kwa hatua.

Ramani ikikuonesha simu yako iko nyumba fulani usiende. Wape polisi hiyo anuani.

Mwandikie mwalimu siku hiyo hiyo umtajie namba ya kesi uombe muda, na uulize laibrari kama wanaazimisha laptopu, koleji nyingi wanazo, wanakupa wiki au semista nzima. Mi yangu haikupatikana, nilimaliza semista na ya kuazima yenye herufi R iliyokwama. Zile kurasa mbili nilizokimbilia kuprinti nilizikuta kesho yake bado ziko kwenye trei ya printa, hamna aliyezigusa.